Jina Lililopakwa Rangi

Sitaanza na alizaliwa wapi. Nikianza hapo nitachoka kabla ya kufika, na hata yeye mwenyewe hakupenda hayo maswali. Mtu akimuuliza, "Kocha, wewe hasa ni wa wapi?" alikuwa anajibu, "Wa New Hope, jengo la pili, juu," yaani pale tulipopanga hapa Minnesota, halafu anamgeuzia swali lake: "Umekula nini asubuhi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Kanisani alisema Bwana asifiwe kama watu wote, lakini hiyo alikuwa haihesabu. Umekula nini asubuhi. Ukisema chai na mkate, anatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. Ukisema viazi vitamu, au uji wa wimbi, au ugali uliolala, anakugonga bega na unajisikia kama umepita mtihani. Mama yangu alikuwa anamjibu viazi vitamu kila siku, na viazi vitamu vilikuwa havijaingia nyumbani kwetu tangu Krismasi.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa kanisa letu siku hizi wana sentensi moja tu juu yake, kwamba ni yule mzee aliyefuta jina la mtoto wake. Ni kweli alilifuta. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Lakini mtu si sentensi moja, na mimi nimekaa chini ya sakafu yake miaka mingi, namsikia akitembea juu ya dari yetu, na najua mengine.

Kule Kenya alikuwa mwalimu wa michezo. Hapa Minnesota alipata kazi ile ile tuliyopata wengi wetu, kuosha wazee na kuwalisha. Mama alifanya naye kazi nyumba moja ya wazee upande wa Roseville, na mimi nilipomaliza Form Four nikaja, nikafanya ile kozi fupi ya kutunza wazee, nikaingia hapo hapo. Kwa hivyo nilimwona kazini, nilimwona kanisani, na jioni nilimwona kwa paking akipangusa theluji kwa gari letu bila kuombwa, huku akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanalala.

Shingoni alivaa saa ya mbio, ile ya kubonyeza, na kamba nyeusi. Hata Jumapili ilikuwa ndani ya shati, chini ya tai. Alipima kila kitu. Alipima mahubiri, na mchungaji alijua. Alipima jinsi ninavyotandika kitanda cha mgonjwa, akaniambia, "Msichana, wewe una haraka lakini huna kasi." Nilikasirika wiki nzima kwa sababu ilikuwa kweli. Na alikuwa na neno lake kuhusu hiyo saa, kila mtoto wa kanisa analijua: "Saa haijui jina lako." Maana yake usilete habari za baba yako ni nani, kimbia tu, tutaona.

Hata mtoto wake mwenyewe alimwita Kocha. Nasema mapema kwa sababu ni muhimu. Kutoka siku huyo kijana alipoanza kukimbia, nyumbani ikawa Kocha, mezani Kocha, kwa simu Kocha. Mkewe alicheka akasema nyumba yangu imekuwa uwanja. Yeye mkewe tulimwita Mama Elkana, kama inavyotakiwa, kwa jina la mtoto wao. Elkana alikuwa wa pekee.

Sasa besiboli. Hiyo aliipatia kazini, kwa mzee mmoja mzungu tuliyemwita Babu wa Dirishani kwa sababu alikataa kiti chake kitolewe dirishani hata wakati wa kufanya usafi. Babu hakula mpaka mechi iwekwe. Kama hakuna mechi, anawekewa ya zamani, hajali. Kwa hivyo Kocha alimlisha supu huku wote wawili wakitazama TV, na polepole, bila mtu kugundua, ikawa ni Kocha anayeuliza mechi ni saa ngapi.

Alitueleza kanisani kwamba ni raunda. "Ile raunda ya shule ya msingi, ambayo wasichana wanacheza na rungu. Hawa wamevalishwa suruali ndefu, wakalipwa." Wanaume walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amependa kabisa. Alipenda kwamba hawa watu wanaweka hesabu ya kila kitu, nani alipiga, nani alikosa, siku gani, upepo ukitoka wapi. Alisema ni taifa linalojua kuandika.

Na hapo hapo ndipo alipopata ugomvi. Kwa sababu rekodi kubwa za huo mchezo, zile za kupiga mpira nje ya uwanja, ziliwekwa na watu ambao nchi nzima inaamini walikuwa wanajidunga dawa. Wengine walikubali, wengine wakakataa, wengine hawakupimwa hata siku moja. Na namba bado ziko kwa vitabu. Kocha hakuweza kuliacha hilo. Walibishana na Babu kwa Kiingereza, lakini kichwani mwangu imebaki kwa Kiswahili, naandika hivyo.

"Kila mtu alikuwa anatumia," Babu alisema. "Anayepiga alitumia, anayerusha alitumia. Sasa nani ameonewa?"

"Yule ambaye hakutumia."

"Nani huyo? Nitajie."

"Humjui jina. Ndiyo maana nasema ameonewa. Fungua mdomo."

Babu akafungua, akameza, akarudi. "Na yule bingwa wa kupiga, ile miaka yake ya kwanza? Kabla shingo haijanenepa? Alikuwa mkali tayari. Hiyo pia utatupa?"

"Alianza lini?"

"Sijui."

"Ulikuwepo?"

"Wapi?"

"Alipoanza. Ulikuwepo ukamwona?"

"Sikuwepo."

"Basi futa yote. Tone la mafuta taa likiingia kwa maziwa, humwagi tone. Unamwaga maziwa."

Mimi nilikuwa nabadilisha shuka pale na nilitaka tu wanyamaze nimalize. Lakini nakumbuka siku nyingine, walikuwa wanaonyesha mechi ya zamani, na mmoja wa hao washukiwa akapiga mpira ukaenda, ukaenda, mpaka kamera ikaupoteza. Kocha alikuwa amesimama. Kijiko juu, supu kwenye kiatu. "Ona huyo! Ona huyo!" Halafu akakumbuka, akakaa, akapangusa kiatu, akasema, "Haihesabiki."

Babu akamwambia, "Miguu yako imehesabu."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa sheria, lakini mwili wake ulikuwa na mambo yake. Kwa pikiniki ya kanisa, ile ya Julai, yeye ndiye aliyesimamia raunda ya watoto, na ungeshangaa. Kulikuwa na kasichana kanene, kenye woga, hakapati mpira kabisa. Kocha alikapa nafasi nne, tano, sita, mpaka kakagusa. Watoto wengine wakalia, "Coach, that's cheating." Akawajibu, "Huyu anacheza. Hii si rekodi. Kwenye mchezo kuna huruma, kwenye rekodi hakuna."

Sasa lazima nieleze rekodi ya kwetu, la sivyo haitaeleweka.

Jengo letu la kanisa tunalitumia makanisa mawili. Sisi Wakenya asubuhi, Wakongo mchana. Pikiniki tunafanya pamoja, kwa ziwa moja, na baada ya nyama kuna mbio za vijana kuzunguka ziwa mara moja. Anayeshinda anapewa soda na kupigiwa makofi. Lakini anayevunja rekodi anaandikwa kwa ubao. Huo ubao uko chini ya kanisa, karibu na jikoni, pale tunapokunywa chai baada ya ibada, na Kocha ndiye aliyeutengeneza na ndiye aliyeandika, kwa brashi, kwa yale maandishi mazuri ya mwalimu. Linaandikwa jina moja tu na muda wake. Ukivunja, la zamani linafunikwa, lako linaandikwa juu.

Nilipofika Minnesota jina lilikuwa Elkana, na lilikuwa limekaa muda mrefu hata rangi imeanza kupasuka. Alikimbia akiwa mwanafunzi wa sekondari, mwaka yeye na mama yake walipoletwa kutoka Kenya. Hadithi yake kila mtu aliijua, ni kama ya Biblia: alikunywa uji wa wimbi wa mama yake, akavaa viatu vya kuazima, akapotea nyuma ya miti, na watu walipoanza kutafuta soda yake kwenye barafu akawa ameshatokea upande wa pili. Kocha alibonyeza saa, akaitazama, akampa mchungaji aitazame, akampa mzee wa kanisa aitazame. Halafu akamuuliza mtoto, "Umekula nini asubuhi?" na kijana akacheka akashindwa kujibu.

Baadaye alipata chuo kwa sababu ya miguu. Akamaliza chuo, akaanza kukimbilia hela barabarani, Jumamosi Iowa, Jumamosi Wisconsin, ku-drive usiku kucha halafu kukimbia. Akahamia Colorado kufanya mazoezi mlimani. Akaumia goti. Na mwaka mmoja baada ya goti akarudi akiwa na kasi kuliko mwanzo, na sisi tukamshukuru Mungu kwa sauti.

Walimpima, wakakuta dawa. Habari ilitufikia kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, kati ya mstari wa Biblia wa asubuhi na tangazo la mtu anayeuza kochi. Elkana hakukataa. Alisema alianza baada ya goti, alikuwa na madeni, akaonyeshwa mtu wa dawa. Wakamfungia, wakachukua ushindi wake wote wa barabarani.

Hapa nieleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo Kocha ataonekana mwendawazimu. Kwetu mtu akianguka, wazee wanamtenga. Haimbi kwaya, hakaribii meza ya Bwana, anakaa nyuma, mpaka siku asimame atubu mbele ya watu na arudishwe. Ni kali, lakini ina mlango wa kutokea. Sasa Elkana alikuwa Colorado. Hakuna mtu wa kukalisha nyuma. Jumapili hiyo Kocha akasimama katikati ya matangazo, akasema, "Mwanangu ametengwa," akatoka. Sisi tukamaliza wimbo, tukashuka chini kunywa chai, tukamkuta mbele ya ubao na mkebe wa rangi nyeupe.

Hakuna aliyemzuia. Mchungaji peke yake alisogea, akamwambia kwa upole, "Kocha, tunatenga mtu. Ubao hatutengi."

"Mtu hayupo," Kocha akasema. "Nifanye nini, mchungaji? Mtu hayupo."

Akapaka mara mbili. Ya kwanza herufi zilikuwa bado zinaonekana.

Kosa lake ni hapo, na nimelifikiria sana. Mtu aliyetengwa anaweza kutubu akarudishwa. Jina lililopakwa rangi litatubu vipi?

Mama Elkana alikuwa jikoni wakati huo, anakata mandazi. Hakutoka. Lakini kuanzia siku ile tatizo likawa ni yeye tumwite nani. Watu waliogopa. Dada mmoja alijaribu kumwita Mama Kocha, akaambiwa, "Mimi sijazaa kocha. Mimi ni Mama Elkana, nitazikwa Mama Elkana. Anayetaka kufuta aje na brashi anipake na mimi." Kwa hivyo kila siku, kwa ngazi, kwa simu, kwa duka, jina lilikuwa linaitwa mbele ya Kocha. Mama Elkana, mtungi wako. Mama Elkana, gari yako imewekewa tiketi. Nilimwona akikaza taya. Yeye mwenyewe alianza kumwita mkewe "wewe".

Na kazini akanyamaza. Alimlisha Babu, mechi ikawashwa, lakini hakubishana. Babu alikuwa amesikia, kwenye nyumba ya wazee kila mtu anasikia. Sikudhani mzungu mzee vile ana adabu kama ile. Wakianza kuzungumza habari za dawa na rekodi kwenye TV, alichukua rimoti akapunguza sauti, akafungua mdomo apewe kijiko. Muda ulipita hivyo. Halafu siku moja akasema, akiwa anatazama dirishani, "Kijana wako mimi ningemhesabu."

"Wewe unahesabu kila mtu," Kocha akamwambia.

"Nimezeeka. Kutoa kumenichosha. Sasa najumlisha tu."

Kocha alipangusa ndevu za yule mzee polepole, mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Babu alikufa msimu huo kabla ya theluji, na Kocha aliomba amwoshe yeye mwenyewe.

Julai iliyofuata rekodi ilikuwa wazi. Ubao mweupe. Akashinda Espoir, mtoto wa Kikongo, mwembamba, bado sauti inavunjika. Alikimbia vizuri sana. Hakufika muda wa Elkana, na wazee waliojua walijua. Lakini muda wa Elkana haukuwepo tena, si ndiyo? Kocha akabonyeza, akatazama, akasema kwa sauti ya uwanja, "Hakuna aliyewahi kupita kama huyu." Na mama yake Espoir akapiga magoti kwenye nyasi. Nilikuwa karibu naye. Alisema, "Tangu tutoke ku kambi ya bakimbizi, hakuna mutu alishaita jina yetu mbele ya batu kwa kitu kizuri. Balikuwa banaiita tu kwa foleni." Akalia. Espoir akasema, "Maman, stop," akiwa anacheka. Kocha akaandika Espoir juu ya rangi nyeupe, na maandishi yalikuwa mazuri kama ya kwanza.

Sasa ndiyo simu ikaja. Elkana alimpigia mama yake, na Mama Elkana akashuka kwetu, akakaa jikoni kwa mama, akatueleza huku anatusaidia kumenya viazi, kwa sababu hajui kukaa bila kufanya kitu. Alisema kijana hana neno na hao wa barabarani. "Ameniambia, mwambie Kocha nimekubali zote. Wachukue medali, wachukue kila kitu, niliiba. Ile ya ziwa anirudishie. Ile nilikimbia na uji wako. Akinirudishia hiyo nakuja nasimama mbele ya kanisa natubu hizo zingine. Asiporudisha siji."

"Umemwambia?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Akasema?"

"Alianza kile chake. Eti alianza lini, nani alikuwepo." Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Nikamwambia, Kocha, wewe ulikuwepo. Mkono huu ulikuwa na saa. Uji nilipika mimi kwa jiko langu, akanywa mbele yako, ukamwambia aongeze. Huyu si mzungu wa TV. Ulikuwepo."

"Akasema nini?"

"Hajasema. Anatembea tu."

Na kweli, tuliacha kumenya, sote watatu tukamsikia juu.

Alitembea hivyo majuma. Halafu Jumapili moja nilikuwa chini ya kanisa nasafisha vikombe, Wakongo wameanza kuingia, nikamwona Kocha akishuka na brashi kwenye mfuko wa koti. Nikajua. Niliweka kitambaa chini nitazame. Akafika karibu na ubao, akakuta mama Espoir amewapanga watoto wake wote chini yake kwa urefu, Espoir katikati na shati la kuchomekea, anawapiga picha ya kumtumia bibi yao aliyebaki kambini.

"Papa Kocha!" akamwita. "Kuja, kuja uingie. Mama yangu anataka kuona mutu aliandika."

Akaingia. Akasimama nyuma ya Espoir, akaweka mkono kwenye bega la mtoto. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni. Hiyo picha ipo, nimeiona, na ukijua unaona jinsi mfuko umevimba.

Walipopanda juu mimi sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Kocha, si uandike wote wawili? Nafasi iko. Elkana juu, Espoir chini."

"Rekodi haina wenyewe wawili."

"Basi mwambie Espoir ukweli. Ni mtoto mzuri, ataelewa."

"Nilimwambia mbele ya mama yake hakuna aliyewahi kupita kama yeye. Umemsikia yule mama. Niende nimwambie nilidanganya?"

"Lakini ulidanganya."

"Ndiyo," akasema. Akatoa brashi mfukoni, akaiosha kwenye sinki langu, na ilikuwa safi. "Nilidanganya. Na mwenye kudanganya ndiye anayelipa, si mtoto wa watu."

"Anayelipa ni Elkana."

Aliniangalia. Nilidhani atanigombeza. Alikausha brashi kwa kitambaa cha vikombe, akapanda ngazi polepole, akishika ukuta.

Sikumwelewa, na nikikasirika bado simwelewi. Maana angeweza tu kumpigia. Kumwambia, mwanangu, najua ile ilikuwa yako, ubao nimeufunga mwenyewe, nisamehe. Maneno hayo hayahitaji rangi. Lakini yeye aliamini neno lisiloandikwa ni la mtu anayekwepa. Alitaka kumpa kitu cha kushika mkononi, na hakuwa nacho, kwa hivyo hakumpa chochote.

Mimi nilihamia Lakeville, kazi nyingine, nyumba nyingine. Mama akaniambia kwa simu kwamba Mama Elkana ameenda Colorado, Elkana amepata mtoto, ameenda kumlea. Alisema ameenda kwa muda. Halafu mama akaacha kuongeza hayo maneno, "kwa muda".

Januari iliyopita nilikuwa na siku ya ofu, baridi ile ya kukata masikio, nikaenda yale maduka makubwa ya Roseville kutafuta viatu vya kazi. Asubuhi pale, kabla ya maduka kufunguliwa, wazee wanakuja kutembea ndani kwa sababu nje kuna barafu. Wanazunguka na viatu vya raba, na makoti mkononi, hawanunui kitu. Kati yao nikamwona Kocha. Amepungua. Alikuwa anatembea upande wa ukuta, kinyume na wote.

"Msichana," akaniambia. "Habari yako."

Habari yako tu. Nilingoja ile nyingine, haikuja. Shingoni hakukuwa na kamba.

"Saa iko wapi, Kocha?"

"Nilimpa Espoir. Anakimbilia shule yake sasa. Anakimbia vizuri." Akavuta pumzi. "Mwaka huu ataupita ule muda wa zamani, yeye hajui. Namfundisha aupite. Akishaupita, jina lake litakuwa limekaa mahali pake, na nitakuwa sina uongo."

"Na Elkana?"

"Elkana atakuwa amepitwa kwa haki. Hiyo ni heshima, kupitwa. Aliyefutwa hapitwi."

Niliona amelipanga hilo kichwani mwake muda mrefu, akizunguka hapo. Na niliona pia kwamba hakuna mtu amemwambia Elkana. Tukakaa kwenye benchi, mbele ya duka lililofungwa. Nikamuuliza mjukuu ni wa kiume au wa kike. Akasema wa kike. Nikamuuliza anaitwaje. Akatazama viatu vyake.

"Hujui?"

"Huyo bibi yake aliyeenda huko... yule... wewe unajua hali ilivyo."

"Mpigie Elkana, Kocha."

"Hashiki simu yangu."

"Piga na yangu."

"Nitamwambia nini? Ubao uko vile vile."

Sina subira, Kocha mwenyewe alishasema. Nikatoa simu, nikamwambia ataje namba. Nilidhani atakataa. Akaitaja yote bila kusimama, kama mtu anayesema Baba Yetu. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaishika kati yetu. Ikalia. Akashika mkono wa benchi. Ikalia tena, na wazee wawili wakapita mbele yetu na vijiti vyao vya kutembelea, halafu mtu akashika.

"Halo?" Sauti ya mwanamume. Nyuma yake mtoto mdogo alikuwa anapiga kitu kama kijiko kwenye sahani. "Halo? Ni nani?"

Kocha alifungua mdomo. Nilijua atakalosema, ni Kocha, lile jina alilojibu nalo kila simu miaka yote. Lakini hakulisema. Alifunga mdomo, akainamia simu kama mtu anayenywa maji kwa mkono.

"Ni Baba Elkana," akasema.

Kijiko kikanyamaza. Labda walimchukua mtoto, labda walikinyang'anya. Nilitazama kioo cha simu nikidhani ameikata, na zile sekunde zilikuwa bado zinahesabu.

Kocha alinichukulia simu mkononi, akasimama, akaanza kutembea nayo upande wa ukuta, kinyume na wengine wote. Koti lake aliliacha kwa benchi. Nililishika, nikamngojea azunguke.